Je, Wastoiko Wanatukataza Kulia?

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mwalimu wa sekondari huku Iringa. Mwezi wa tatu tulimzika baba yangu baada ya kuugua kwa muda mrefu. Msibani karibu kila aliyenishika mkono aliniambia "jikaze". Baadaye mwalimu mwenzangu akaniazima kitabu cha Marcus Aurelius. Nakisoma kurasa mbili tatu kabla ya kulala, na kweli moyo unatulia. Lakini kaka yangu anasema hiyo ni falsafa ya watu wenye mioyo ya mawe, tena wapagani. Je, watu hawa wanataka nisilie? Ni dhambi kuwasoma? Na kwa nini maandishi ya karibu miaka elfu mbili bado yanashikwa na watu wa kila namna, wakati vitabu vingi vya juzi tu vimeshasahaulika?

JIBU:

Mwalimu, pole sana kwa msiba wa baba. Umeuliza matatu, nami naanza na lile linalouma: hapana, watu hawa hawakukatazi kulia. Waliokuambia "jikaze" walikuwa na nia njema, na mimi mwenyewe nimeshalitamka neno hilo mbele ya wafiwa nikiwa sijui la kusema. Lakini Wastoiko, yaani wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma ambao Marcus Aurelius, Kaisari wa Roma, alikuwa mmoja wao, hawakufundisha kujikaza. Ngoja nikuonyeshe walichofundisha, na humo humo utaona kwa nini bado wanasomwa.

Tuanze na Seneca. Alizaliwa Córdoba, Hispania, karibu mwaka 4 KK. Akawa msemaji mashuhuri mjini Roma, akahamishiwa kisiwa cha Corsica mwaka 41 BK kwa amri ya Kaisari, akarudishwa mwaka 49 ili amfundishe kijana Nero, na mwaka 65 kijana huyo huyo, sasa Kaisari, akamwamuru ajiue. Katika miaka yake ya mwisho alimwandikia rafiki yake Lucilius barua ambazo 124 kati yake zimetufikia. Barua ya 63 ni ya rambirambi. Lucilius amefiwa na rafiki, na Seneca anamwambia kwamba macho yasikauke wala yasifurike. Kulia alie, ila asijiachie kwenye maombolezo yasiyo na mwisho. Mpaka hapo ni ushauri ambao mzee yeyote mwenye busara angeutoa. Halafu, karibu na mwisho wa barua, anageuka na kusema: mimi ninayekuandikia haya nilimlilia Annaeus Serenus, rafiki yangu mpenzi, kupita kiasi, hata nikawa mmoja wa mifano ya watu walioshindwa na huzuni. Na anataja sababu. Serenus alikuwa mdogo kwake kwa umri, naye hakuwahi kufikiri kwamba mdogo anaweza kutangulia.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nasimama pale. Mwalimu wa falsafa anamwambia mwanafunzi wake wazi kwamba mtihani huu yeye mwenyewe ulimshinda.

Kuna kisa kingine ambacho ningependa kaka yako akisikie. Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2 BK, alikuwa abiria katika chombo kilichokuwa kinatoka Cassiopa kwenda Brundisium, bandari ya kusini mwa Italia. Usiku bahari ikachafuka. Upepo ukageuka, mawimbi yakaingia chomboni, watu wakahangaika kuchota maji ngamani huku wakilia. Miongoni mwa abiria alikuwamo mwalimu mashuhuri wa Kistoiko aliyetoka kufundisha Athene. Gellius akamtazama makusudi: je, na huyu anaogopa? Akamwona uso umempauka kama wengine. Tofauti ni kwamba hakupiga mayowe wala kuomboleza.

Bahari ilipotulia, tajiri mmoja alimwendea mwalimu yule kwa dharau, akamwuliza imekuwaje mwanafalsafa apauke wakati yeye hakupauka. Mwalimu akamkatia maneno. Gellius akangoja, na walipokaribia kutia nanga akamfuata kwa adabu na kuuliza swali lile lile. Safari hii mwalimu aliingiza mkono kwenye mfuko wake akatoa kitabu, sehemu ya tano ya mafundisho ya Epictetus, mwalimu wa Kistoiko ambaye nitakueleza habari zake baadaye, akampa asome. Humo iliandikwa kwamba radi ikipiga, au jengo likiporomoka, au habari ya hatari ikija ghafla, hata mwenye hekima hushtuka, husinyaa moyo, hupauka, kwa sababu mishtuko hiyo huja kabla akili haijapata nafasi ya kufanya kazi yake. Tofauti inaonekana baadaye. Asiye na hekima huukubali mshtuko kwamba jambo hili ni baya kweli kama lilivyoonekana. Mwenye hekima haupi kibali hicho. Sehemu hiyo ya tano imepotea. Tunayajua maneno yake kwa sababu ya udadisi wa abiria mmoja.

Kwa hiyo uso kupauka, moyo kwenda mbio, chozi kudondoka kanisani ukisikia wimbo alioupenda baba, hayo hayamo mikononi mwako, na Wastoiko hawakuyahesabu kuwa kosa. Kazi wanayotupa inaanza muda mfupi baada ya hapo. "Baba amefariki" ni tukio. "Amefariki kwa sababu sikumpeleka hospitali mapema" ni maneno niliyoyaongeza mimi. "Bila yeye sina tena kwetu" ni nyongeza nyingine. Epictetus anasema kwamba watu hawasumbuliwi na mambo, wanasumbuliwa na hukumu zao juu ya mambo. Hakusema mambo hayapo, wala hakusema maumivu ni ya kujitakia. Anachotaka ni uzikague zile nyongeza moja moja kama unavyosahihisha daftari la mwanafunzi: hili ni kweli, hili si kweli, na hili umelitoa wapi? "Jikaze" hufanya kinyume chake. Huzuia chozi, ambalo halikuwa na kosa, na kuziacha nyongeza zikae ndani miaka na miaka bila mtu kuzipitia.

Hapo ndipo ninapoona siri ya kudumu kwao, ila inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwanzilishi wao, Zeno, alikuwa mfanyabiashara kutoka Kition, kisiwani Kupro. Masimulizi ya kale yanasema alikuwa na shehena ya rangi ya zambarau, bidhaa ya bei kubwa, na chombo kikavunjika karibu na Piraeus, bandari ya Athene. Akaingia Athene mikono mitupu, akaketi dukani kwa muuza vitabu. Mwenye duka alikuwa akisoma kwa sauti habari za Socrates, mwanafalsafa mashuhuri wa Athene, zilizoandikwa na mfuasi wake Xenophon. Zeno akauliza, watu wa namna hii wanapatikana wapi? Wakati ule ule mwanafalsafa Crates alikuwa anapita, na mwenye duka akasema: mfuate yule. Karibu na mwaka 300 KK Zeno mwenyewe alianza kufundisha, kwenye ukumbi wenye nguzo uliokuwa wazi kando ya soko la Athene, ukutani una picha. Kwa Kigiriki ukumbi wa namna hiyo huitwa stoa, na neno letu lililo karibu nao ni baraza. Kwa hiyo Wastoiko ni watu wa barazani. Aliyekulia Pwani anajua baraza ilivyo: mpita njia anasimama, anasikiliza, anatia neno, anaendelea na safari zake. Aliyemrithi Zeno, Cleanthes, alikuwa mpiganaji ngumi zamani, na usiku alichota maji bustanini ili apate riziki ya kumwezesha kusoma mchana.

Wa tatu, Chrysippus, ndiye aliyejenga nadharia yote: mantiki, elimu ya maumbile, maadili. Inasemwa aliandika vitabu zaidi ya 705. Hakuna hata kimoja kilichotufikia kizima. Tulichonacho ni nini? Barua za mzee kwa rafiki yake. Maneno ya darasani yaliyoandikwa na mwanafunzi. Daftari la faragha la mfalme. Bahati ina sehemu yake katika kupotea na kusalia kwa vitabu vya kale, sikatai. Lakini watu walikuwa wakinakili kwa mkono kile walichokihitaji, na waliyoyahitaji kizazi baada ya kizazi ni haya, yaliyoandikwa na mtu aliyekuwa katikati ya shida akijisemesha au akimsemesha mwenzake. Katika hayo unamkuta mgonjwa anakunywa dawa, anakunja uso kwa uchungu wake, kesho anakunywa tena.

Kitabu ulichoazimwa ndicho cha namna hiyo kabisa. Marcus Aurelius alitawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi kifo chake mwaka 180. Katika miaka hiyo yalikuja mafuriko, vita mipakani, na tauni iliyoua watu wengi katika dola yote. Yeye na mkewe Faustina walizaa watoto zaidi ya kumi, na wengi wao waliwazika wakiwa wadogo. Alichoandika hakukipa jina. Nakala za kale zinakiita "Kwa Nafsi Yake" tu. Aliandika kwa Kigiriki, lugha ya falsafa, akiwa vitani, na katika kurasa za mwanzo utaona maneno mafupi kama anwani: "Miongoni mwa Wakwadi, kando ya mto Gran." Wakwadi ndio waliokuwa maadui zake. Yaani mtu yuko hemani, nje kuna baridi na majeruhi, naye anajikumbusha kwamba kesho atakutana na wajeuri, wasio na shukrani na wenye wivu, na kwamba hao nao ni ndugu zake kwa sababu wana akili kama yeye. Ukiona anarudia jambo lile lile mara kumi, usidhani ni uzembe wa uandishi. Anarudia kwa sababu jana alilisahau.

Wasomaji wa Kiswahili sauti hiyo tunaifahamu. Mshairi wa Al-Inkishafi anauhoji moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya Pate, anaukaripia, anauliza waliojenga majumba yale wako wapi. Marcus naye hujiuliza hivyo hivyo kuhusu makaisari waliopita na watumishi wao wote. Njia zao zinaachana baada ya hapo, kwani mshairi wetu anaelekea Akhera, na Marcus anabaki na wajibu wa siku ile.

Sasa Epictetus, ambaye ndiye ninayempenda kuliko wote. Jina lake maana yake ni "aliyepatikana", kama inavyosemwa kwa mali. Alizaliwa karibu mwaka 50 BK huko Hierapolis, ambako leo ni Pamukkale nchini Uturuki, akawa mtumwa Roma katika nyumba ya Epaphroditus, mtumishi mkubwa wa Nero, naye alikuwa kilema wa mguu. Baadaye akaachwa huru, akafundisha, akafukuzwa Roma pamoja na wanafalsafa wote kwa amri ya Kaisari Domitian, akafungua shule Nicopolis, magharibi mwa Ugiriki. Hakuandika kitu. Mwanafunzi wake Arrian aliyaandika maneno yake kama yalivyotamkwa, na ndiyo maana kwenye kurasa hizo unasikia mtu anafoka, anabembeleza, anamkatiza mgeni. Marcus Aurelius anamshukuru mwalimu wake Rusticus kwa kumwazima nakala ya mafundisho hayo. Mtawala wa dola nzima alijifunza kuishi kwa mtu aliyewahi kuuzwa, tena kupitia kitabu cha kuazima, kama ilivyokuwa kwako.

Katika mafundisho hayo kuna mazungumzo ambayo yanamjibu kaka yako kuliko ninavyoweza mimi. Ofisa mmoja alimtembelea Epictetus, akamweleza kwamba binti yake mdogo aliumwa sana, na yeye kwa jinsi anavyompenda alishindwa kuvumilia kukaa nyumbani. Akakimbia, mpaka alipoletewa habari kwamba mtoto amepona. Epictetus akamwuliza, je, ulifanya sawa? Akajibu kwamba ndivyo baba wote walivyo. Basi Epictetus akamkalisha chini. Mama yake anampenda mtoto? Anampenda. Na yeye angeondoka? Hapana. Yaya anampenda? Anampenda. Na yeye angemwacha? Hapana. Kwa hiyo mtoto abaki peke yake, afie mikononi mwa wasiompenda, kwa sababu ninyi mnaompenda mna mapenzi mengi mno? Na wewe ukiumwa, ungetaka wanaokupenda wakupende hivyo?

Watu wenye mioyo ya mawe hawaulizi maswali hayo. Epictetus anachomdai baba yule ni mapenzi yenye nguvu ya kukaa kitandani pa mgonjwa, na anaamini kwamba kilichomkimbiza kilikuwa hukumu yake juu ya kile alichokiona. Nimewaona wengi hospitalini, wanaume hasa, wanaosimama nje kwenye korido wakijishughulisha na simu. Nimekuwa mmoja wao.

Lakini sitaki nikufiche sehemu ngumu. Epictetus pia anasema kwamba ukimbusu mtoto wako, ujiambie kimoyomoyo kwamba unambusu mtu anayekufa. Marcus anayanukuu maneno hayo. Wasomaji wengi hukifunga kitabu hapo, na siwalaumu. Mimi ilinichukua miaka. Nilipokuja kuelewa, ilikuwa kupitia maneno tunayoyasema wenyewe kila siku: tutaonana kesho Mungu akipenda, Inshallah. Seneca anafundisha kitu hicho hicho kwa karibu maneno hayo hayo: nitasafiri, isipokuwa likitokea jambo. Asemaye "Mungu akipenda" hana nia ya kupunguza furaha ya kuonana. Anakiri tu kwamba kesho hakuiumba yeye. Katika dunia ambamo watoto wengi hawakufika utu uzima, Epictetus alitaka mzazi awe na mtoto wake leo kwa moyo wote, bila kujidanganya kwamba amepewa hati ya kummiliki. Maneno yake ni makali kuliko yetu. Mfiwa wa miezi michache si lazima ayameze. Yaruke, utayarudia siku nyingine.

Isitoshe, mazoezi yao mengi ni ya mambo madogo. Epictetus alikuwa na taa ya chuma nyumbani. Siku moja akasikia kishindo dirishani, akashuka mbio, akakuta taa imeibwa. Akajiambia, kesho utapata ya udongo. Na mahali pengine anasema mwizi yule ameilipia taa bei kubwa mno: ameipata kwa kukubali kuwa mwizi. Katika kijitabu kifupi ambacho Arrian alikikusanya kutoka kwenye mafundisho yake, anashauri kwamba mafuta yakimwagika kidogo, au divai kidogo ikiibwa, useme: hii ndiyo bei ya utulivu, na hakuna kinachopatikana bure.

Nilipokuwa nafundisha, kila mwaka niliwapa wanafunzi wangu zoezi la Seneca la usiku. Anasimulia kwamba taa ikishaondolewa na mkewe, anayeijua desturi yake, akishanyamaza, yeye huipitia siku nzima, maneno yake na matendo yake, hajifichi kitu: hapa ulibishana kwa ukali mno, usirudie tena, kwa leo nakusamehe. Nikawaomba wanafunzi wafanye hivyo kwa wiki moja na kuandika. Kijana mmoja aliniletea karatasi imeandikwa: "Jumanne, saa mbili asubuhi. Konda hakunirudishia chenji, shilingi 200. Nimekasirika mpaka saa kumi jioni." Chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, ameongeza: "Masaa manane kwa mia mbili." Sikuwa na la kusahihisha.

Ukitaka ushahidi wa siku zetu kwamba njia hii inafanya kazi, nenda kwa washauri nasaha. Mwanasaikolojia Albert Ellis, aliyeanzisha tiba yake Marekani katika miaka ya 1950, alisema waziwazi kwamba msingi wake ni lile neno la Epictetus kuhusu mambo na hukumu zetu. Aaron Beck, ambaye tiba yake ya kuyakagua mawazo sasa hutumika dunia nzima kwa wenye sonona, naye aliwataja Wastoiko kuwa ndiyo asili yake ya kifalsafa. Mwalimu, kama usingizi umepotea kabisa au shule imekuwa mzigo usiobebeka, usikae na kitabu peke yake. Mtafute mshauri. Huko utakuwa bado barazani kwa watu wale wale.

Kuhusu dhambi: mwambie kaka yako afungue Matendo ya Mitume sura ya 17. Paulo yuko Athene, na wanaojadiliana naye ni Waepikureo na Wastoiko; jina hili la Kiswahili tumelipata humo. Akisimama mbele yao anawanukulia mshairi wao kwamba sisi sote tu wazao wake Mungu. Mshairi huyo ni Aratus, na inasemwa alisoma kwa Zeno. Sura ya 18 inamtaja Galio, liwali wa Akaya, aliyekataa kumhukumu Paulo. Galio ni kaka yake Seneca, na kitabu cha Seneca kuhusu hasira, chenye lile zoezi la usiku, kiliandikwa kwa ajili yake. Baadaye watawa wa Kikristo walikitumia kijitabu cha Epictetus katika malezi yao, na katika nakala moja jina la Socrates likaondolewa na kuwekwa la Paulo.

Waislamu nao hawakukaa mbali. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, aliandika risala kuhusu njia ya kuondoa huzuni, na ndani yake kuna mfano ambao mbegu yake iko kwa Epictetus. Chombo kimetia nanga, abiria wameshuka. Wapo wanaofanya haja zao na kurudi mapema, wakapata nafasi pana. Wapo wanaokawia wakiokota kombe, mawe na maua. Wakirudi, nafasi imekuwa finyu, mizigo inawabana, maua yananyauka na kunuka, mwisho wanayatupa baharini. Na wapo waliozama msituni hata hawakusikia nahodha akiita.

Hata hivyo tofauti zipo, na ni kubwa. Mungu wa Wastoiko ni akili iliyoenea katika maumbile yote, na ahadi ya ufufuo hawana. Marcus anaongea kuhusu kifo kama mtu asiye na uhakika wa kinachofuata. Waliruhusu pia mtu kujiua katika hali fulani, jambo ambalo mimi silikubali hata kidogo. Ukienda kwao kutafuta imani utarudi na njaa. Lakini mtu aliye na imani yake anaweza kujifunza kwao namna ya kuyakagua mawazo yake, kama anavyojifunza hesabu kwa mwalimu wa dini nyingine.

Na kuna lawama ambayo kaka yako hakuitaja, nami naiona nzito kuliko zote: kwamba falsafa hii huwafundisha wanyonge kuvumilia. Seneca aliandika vizuri kwamba watumwa ni watu, tule nao meza moja, lakini hakudai waachwe huru, na mahasimu wake walimsema kwamba alikusanya sesterce (sarafu za Roma) milioni 300 kwa miaka 4 tu akiwa karibu na Nero. Hilo ni doa, na silifuti. Lakini Wastoiko hao hao walimtoa Helvidius Priscus. Kaisari Vespasian alimwagiza asiingie kwenye kikao cha Seneti, baraza kuu la Roma. Akajibu: unaweza kunivua ujumbe, ila nikiwa mjumbe lazima niingie. Kaisari akasema: basi ingia, lakini unyamaze. Usiniulize rai yangu, nami nitanyamaza. Lakini lazima nikuulize. Nami lazima niseme ninaloliona la haki. Ukisema nitakuua. Nilikuambia lini kwamba mimi sifi? Wewe fanya la kwako, nami nifanye langu. Lako ni kuua, langu ni kufa bila kutetemeka. Na aliuawa kweli. Epictetus aliwasimulia wanafunzi wake kisa hiki ili wajue kwamba kutofautisha yaliyo mikononi mwetu na yasiyokuwamo hakumzuii mtu kusema kweli. Waliokisikia walikuwa vijana wa ukoo bora waliotarajia vyeo.

Mtandaoni utakutana na Ustoiko mwingine, wa picha za sanamu zenye misuli na maneno ya kuwadharau wanaolia. Mengi ya maneno hayo Marcus hakuyasema kamwe. Yapite.

Usome nini sasa? Kijitabu cha Epictetus kina vipande 53, vingine mistari mitatu tu. Soma kimoja asubuhi kabla ya kutoka kwenda shule. Barua za Seneca ziwe za jioni, uanze na ile ya 63. Kwa upande wa Marcus, najua wengi hukiruka kitabu cha kwanza, yaani sehemu ya mwanzo ya kile ulichoazimwa, kwa sababu kinaonekana kama orodha ya majina yasiyo na maana kwetu. Wewe usikiruke. Kina vipengele 17, na karibu vyote vinaanza kwa namna moja: kutoka kwa fulani, nilipata hiki. Kutoka kwa babu, upole wa tabia. Kutoka kwa mama, kumcha Mungu na ukarimu. Aliyaandika wengi wao wakiwa wameshakufa. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, hakumjua sana, kwa hiyo anaandika mstari mmoja: kwa niliyosikia juu yake na ninayoyakumbuka, haya na uanaume. Kisha anamwandikia baba yake wa kulea kurasa nzima, jinsi alivyosikiliza watu, alivyokula, alivyotunza afya yake, asivyopenda makuu.

Nunua daftari dogo, Mwalimu. Andika juu, "Kutoka kwa baba", na uanze na jambo dogo kabisa, jinsi alivyokuwa akifunga mlango usiku au alivyokuwa akiwaita wajukuu. Machozi yakidondokea karatasi, yaache yakauke, uendelee na mstari unaofuata.